Mzigo na Furushi

Somo la wiki: Wagalatia 6:1-5. Soma pia Yohana 9:1-3 na Marko 2:1-12.

Wiki hii Pasta mkuu amenipa nafasi niandike, na nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa karibu mwaka mzima. Linahusu familia moja ya hapa kwetu na mtoto wao aliyezaliwa mgonjwa. Wengi wenu mnaijua familia hiyo. Sitataja majina, na nawaomba msiyataje mnapojadili. Wazazi wamesoma maneno haya kabla hayajachapishwa, wakanirekebisha mahali pawili, wakasema, "Pasta, chapisha."

Swali langu ni hili: mtoto akizaliwa mgonjwa katika nyumba ya mshirika, huo ni mzigo wa nani? Na tukisema ni wa kanisa, ni wa kanisa mpaka wapi?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na nilikosea mara mbili.

Katika Wagalatia 6, Paulo anatuambia tubebeane mizigo, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya Kristo. Hiyo ni aya ya 2, na tunaipenda sana. Sasa shuka mpaka aya ya 5. Hapo anasema kila mtu atajibebea mwenyewe. Ukisoma haraka utadhani Paulo amejipinga ndani ya mistari minne. Hakujipinga. Katika Kiyunani alitumia maneno mawili tofauti. Lile la kwanza ni uzito unaomlemea mtu hadi magoti yanakunja. Lile la pili ni kifurushi cha msafiri, kile ambacho kila mtu anakitia mgongoni akianza safari. Waliotutafsiria Biblia ya Union walikuwa makini. Aya ya 2 wakaandika mizigo, aya ya 5 wakaandika furushi. Nimesoma sura hiyo tangu shule ya Jumapili, na sikuwahi kuona tofauti hiyo mpaka mwaka jana.

Yaliyotokea

Mtoto alizaliwa Alhamisi usiku. Mkunga aliona uvimbe katikati ya mgongo, laini, wenye ngozi nyembamba kama utando. Kesho yake wakapewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Daktari akawaambia ni mgongo wazi, na kwamba inafaa ufungwe ndani ya siku chache za kwanza kabla viini vya ugonjwa havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Baba, ambaye anafanya kazi ya mjengo, akakopa kwa msimamizi wake, halafu akakopa kwa shailoki. Upasuaji ukafanyika siku ya tatu. Wiki ya pili kichwa kikaanza kuongezeka. Hii hutokea kwa watoto wengi wa mgongo wazi: maji ya ubongo hayapati njia ya kupita, yanajaa. Ikahitajika operesheni nyingine, ya kuweka mrija mdogo chini ya ngozi unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni.

Jumapili mbili hawakuonekana kanisani. Hakuna aliyeuliza. Mimi ndiye ninayesimamia orodha ya washirika wa mtaa huo, na mimi pia sikuuliza. Habari tulizipata kwa jirani yao, mama Mwislamu, ambaye wakati huo wote alikuwa analala na kifungua mimba wao wa miaka minne, anamwogesha, anampeleka shule. Alikutana na Shosho wa kamati yetu sokoni akamuuliza, "Kwani nyinyi watu wa kanisa hamna habari?"

Shosho alikuja ofisini kwangu moja kwa moja na kikapu chake cha mboga mkononi. Tukapanda matatu tukaenda hospitali.

Nilimkuta baba amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto wachanga. Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa, bila hasira, "Tulinyamaza kwa sababu tulijua utasema nini."

Wapendwa, mwezi mmoja kabla ya mtoto huyo kuzaliwa nilihubiri hapa madhabahuni. Nilisema nyumba yenye imani haipokei ripoti mbaya. Nilisema kwa sauti, na mlinijibu amina. Huyo mama alikuwa ameketi safu ya nne, mimba ya miezi minane. Ripoti mbaya ilipokuja, akafanya hesabu yake: kama nyumba ya imani haipokei ripoti mbaya, na sisi tumeipokea, basi sisi ni nyumba ya namna gani? Ndiyo maana wakajificha. Walijificha kanisa, mahali ambapo mtu anapaswa kukimbilia.

Kosa la kwanza: kufanya mzigo kuwa furushi

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilichukua uzito unaovunja magoti nikauita kifurushi cha mtu binafsi. Nilisema, kwa maneno mengine, ugonjwa wa mtoto wako ni matokeo ya imani yako, kwa hiyo jibebee.

Wanafunzi wa Yesu walifanya vivyo hivyo katika Yohana 9. Walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakataka kujua ni nani alitenda dhambi, ni yeye au ni wazazi wake. Yesu akakataa yote mawili. Angalia vizuri: hakusema wazazi wale hawakuwahi kukosea maishani. Alikataa swali lenyewe. Alikataa kumtumia mtoto kama ushahidi wa kumshtaki mzazi.

Tuzungumze pia kama watu wenye elimu. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya mwezi wa kwanza wa mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Madaktari wanatufundisha kwamba vitamini iitwayo foliki asidi ikiwa ya kutosha mwilini wakati huo, hatari inapungua sana, ingawa haiishi kabisa. Ndiyo sababu tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe virutubisho hivyo. Unga wa kusagiwa posho mili ya mtaani kwa kawaida hauongezwi. Sasa niambie, mama anayekula unga wa posho mili kwa kuwa ndio anaoweza kununua, dhambi yake iko wapi? Dada zetu mnaopanga kupata mtoto, nendeni kliniki mapema mpewe vidonge hivyo. Msingoje tumbo lionekane. Hilo ni neno la hekima, na linaingia vizuri kwenye mahubiri.

Nilimwomba msamaha yule baba pale kwenye benchi. Baadaye nilimwomba mama. Leo naomba msamaha kwenu nyote mlionijibu amina, kwa sababu huenda kuna mwingine kati yenu anayejificha.

Kamati na kikokotoo

Jioni ile kamati ya ustawi ilikutana. Mnajua nilisomea biashara chuo kikuu, na ndiyo maana nilipewa kazi ya mahesabu. Mfuko ulikuwa na shilingi 92,000. Familia ilihitaji 70,000 ili operesheni ya pili ifanyike. Kwenye meza kulikuwa pia na kodi ya nyumba ya mjane mmoja, na karo ya wanafunzi wawili wa kidato cha nne.

Nilitoa simu yangu nikafungua kikokotoo. Nikaeleza wazee jambo tunalofundishwa siku za mwanzo kabisa darasani: gharama ya kitu si pesa uliyotoa tu, ni pamoja na kile ambacho umekosa kufanya kwa pesa hiyo. Tukimpa mtoto mmoja 70,000, tumewanyima wengine watatu. Nikapendekeza tutoe 20,000 kama katiba ya mfuko inavyosema kwa mgonjwa, zile 50,000 zilizobaki familia itafute.

Hoja yangu ilikuwa safi. Hakuna aliyeipinga. Wengine walianza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo Shosho akauliza swali moja tu.

"Pasta, huyu mtoto angekuwa amekufa, tungechanga ngapi?"

Kimya kiliingia. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumezika mzee mmoja wa kanisa. Kwa siku nne tulichanga zaidi ya shilingi 180,000. Hema, viti, basi, jeneza, chakula cha watu. Hakuna aliyefungua kikokotoo. Hakuna aliyeuliza katiba ya mfuko inasema nini.

Sisi Wakenya tunajua kuzika. Mtu akifa, hata yule ambaye hajawahi kukutembelea ataleta mia mbili. Lakini mtu akiwa bado anapumua, tunauliza maswali. Kwa nini? Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani ni kwa sababu kifo kimekwisha. Unatoa mara moja, unakula, unarudi nyumbani, deni limeisha. Mgonjwa hana mwisho unaoonekana. Anaweza kupona, anaweza kufa, anaweza kuishi miaka thelathini akihitaji msaada. Tunaogopa kuanza kubeba kitu ambacho hatujui tutakiweka chini wapi.

Je, basi hesabu ni dhambi? Hapana. Katika Matendo 6 wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye ugawaji wa kila siku. Mitume hawakusema tuombe tu. Waliteua watu saba kusimamia. Huo ni utawala. Kanisa lisilohesabu mwisho wake hupendelea wenye sauti na kusahau wanyonge. Kosa langu halikuwa kuhesabu. Kosa lilikuwa kwamba nilihesabu mfuko nikasahau kuhesabu kanisa. Nilijiuliza pesa zilizo benki zinatosha watu wangapi. Sikujiuliza mabega tuliyo nayo ni mangapi.

Usiku huo nilirudia hesabu. Tulikuwa na washirika wazima 210. Zile 50,000 zilizonishinda, ukizigawa kwa 210, kila mtu ni chini ya shilingi 240. Pakiti moja ya unga na chenji. Wako wasioweza hata hiyo, na wako wanaoweza mara kumi. Hesabu haikuweza kuniambia mtoto ana thamani gani, na ilikuwa ujinga wangu kuiuliza. Lakini iliweza kuniambia mzigo ukigawanywa unakuwa uzito gani kwa kila bega. Hiyo ndiyo kazi yake halali.

Kufikia Jumamosi pesa zilipatikana.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Sehemu ya pesa ilibidi itoke mfukoni kwanza, na karo ya mwanafunzi mmoja ikachelewa wiki mbili. Kijana akarudishwa nyumbani. Mama yake alikuja kwangu amekasirika, na alikuwa na haki. Sikuwa na andiko la kumtuliza. Nilimwambia tumekosa, na tukalipa kwa awamu. Paulo anapozungumzia usawa katika 2 Wakorintho 8, hasemi kila mtu apate kiasi kilekile. Anasema mwenye kuzidi leo afunike upungufu wa mwingine, na kesho mambo yaweza kugeuka. Lakini anayengojeshwa lazima aambiwe ukweli usoni. Asisikie kwa watu kwamba amepangiwa foleni.

Kosa la pili: kunyakua furushi

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo halikuwa langu peke yangu. Ni letu sote.

Habari zilipotangazwa, upendo ulitufurika. Na upendo uliofurika, kama maji, unaweza kubomoa. Mtu mmoja alipiga picha mgongo wa mtoto akaituma kwenye grupu ya WhatsApp ili watu waguswe watoe. Hakuomba ruhusa. Ndani ya saa moja picha ilikuwa imefika kijijini kwao. Mama aliiona akiwa wodini. Aliponiita aliniambia maneno ambayo sitayasahau: "Pasta, mtoto wangu amejulikana mgongo kabla hajajulikana jina."

Halafu tukaweka orodha ya michango kwenye grupu hiyohiyo, jina na kiasi. Ndugu mmoja, kibarua, akatuma shilingi 30. Mtu fulani akaweka kikatuni cha kucheka. Ndugu huyo alitoka kwenye grupu na kwa majuma matatu hakuja ibadani. Yesu alitufundisha mkono wa kushoto usijue kazi ya ule wa kulia, na sisi tukaufanya ujue, ukae, uandike, na ucheke. Tangu siku hiyo mweka hazina hupokea kwa namba moja ya M-Pesa, hutangaza jumla tu, na yeye na wakaguzi wawili ndio wanaoona majina. Anayetaka kujua kama pesa zimefika aulize, ataonyeshwa zake.

Zito zaidi ni hili. Siku mbili kabla ya operesheni ya pili, watu watatu kutoka kwetu walikwenda wodini wakamwambia mama asikubali mtoto kuwekewa mrija, kwa kuwa wameoneshwa kwamba Mungu ataponya bila kisu. Mama akatetemeka. Akikubali operesheni, ameshindwa imani. Akikataa, kichwa cha mtoto kinaendelea kuvimba.

Mimi naamini uponyaji. Nimeona kwa macho yangu. Lakini soma 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia ni mgonjwa wa kufa, anaomba akilia, na Mungu mwenyewe anaahidi kumponya. Halafu Isaya anaagiza nini? Mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Ahadi ya Mungu na dawa ya wakati huo, katika chumba kimoja, kutoka kwa nabii mmoja. Kama Isaya hakuona ugomvi kati ya maombi na tini, sisi tunaupata wapi?

Na hata tukiacha hilo, kuna swali la msingi: nani aliwapa watu watatu haki ya kuamua? Kuamua juu ya mwili wa mtoto ni furushi la wazazi wake. Mungu aliwakabidhi wao. Tunaweza kuwasindikiza kwa daktari, kuwasaidia kuuliza maswali, kukaa nao usiku, kuomba nao. Hatuwezi kuamua badala yao, halafu mambo yakiharibika wabaki wao na kaburi, sisi tukiendelea na kwaya. Mtu asiyebeba matokeo asibebe uamuzi.

Kwa hiyo nimejifunza kutofautisha. Bili ni mzigo: tubebe. Nauli ya kila siku, chakula cha anayelala wodini, nguo za kufua, mtoto mkubwa wa kupeleka shule, hiyo yote ni mizigo. Lakini jina la mtoto, picha yake, siri za ugonjwa wake, uamuzi wa matibabu, na hata namna ya kulia, hayo ni furushi. Ukimnyang'anya mtu furushi lake ukidhani unamsaidia, umemwacha bila kitu chake mwenyewe. Umemfanya abebwe kama gunia.

Wale marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu kwa kufungua mdomo, walifanya jambo moja zuri. Walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Siku zile saba ndizo bora kuliko hotuba zao zote.

Mwezi wa tatu

Operesheni ilifanyika. Mtoto alirudi nyumbani. Tulimshukuru Mungu hapa Jumapili, tukaimba, tukapiga makofi. Na wengi wetu tukadhani tumemaliza.

Katika Marko 2 watu wanne walimbeba yule aliyepooza, wakapasua dari, wakamshusha. Siku hiyohiyo alibeba godoro lake akaenda zake nyumbani. Sisi tunapenda hadithi hiyo kwa sababu ni ya siku moja. Je, angerudi nyumbani bado amelala juu ya godoro lile? Wale wanne wangerudi Jumatatu? Na Jumatatu ya mwezi wa tatu?

Mtoto wetu sasa ana miezi kumi. Anacheka sana, na akisikia ngoma ya ibada anapiga mikono. Miguu yake haina nguvu. Anapelekwa mazoezi ya viungo, na hatujui kama atatembea. Mrija ule unaweza kuziba au kuingiwa na viini wakati wowote, kwa hiyo wazazi wanalala sikio moja likiwa wazi. Akianza kutapika bila sababu, utosi ukivimba, akiwa na homa, akilala kupita kiasi au macho yakiangalia chini tu, ni kukimbia hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku. Sio kungoja asubuhi. Sio kungoja kesha liishe.

Mwezi wa tatu nilienda kuwaona. Ilikuwa wiki ya sita hakuna mtu wa kanisa aliyepiga hodi. Yule jirani Mwislamu alikuwa jikoni anakoroga uji.

Hapo ndipo tulipoanza utaratibu mwingine, mdogo, usio na tangazo. Watu sita wa ushirika wa nyumbani wa mtaa ule waligawana zamu. Mmoja ana Probox, simu yake haizimwi usiku. Mmoja anampeleka kifungua mimba shule siku za kliniki. Wawili wanapokezana kufua na kupika siku mbili kwa wiki. Mmoja anakaa na mtoto Jumamosi mchana ili mama alale. Ndiyo, alale tu. Wa sita ni yule ndugu wa shilingi 30. Pesa hana, lakini ni fundi wa mbao, na ametengeneza kiti kidogo cha kumkalisha mtoto wima kama daktari wa mazoezi alivyoelekeza. Kazi ile ingetugharimu maelfu. Yule aliyecheka sasa anaona aibu, na ni sawa aone.

Kitu kingine tulichofanya ni kukagua bima. Baba alikuwa amejiandikisha SHA lakini hakuwa amelipa. Kwa mtu asiye na mshahara, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Kibarua wa mjengo hapati 3,600 kwa mkupuo kwa urahisi. Lakini ushirika wa watu kumi na wawili wakiwekeana kwa zamu kama chama, kila mwezi wanalipia nyumba moja. Mwaka ukiisha nyumba zote kumi na mbili zimelipiwa. Haimalizi kila bili, lakini ni kubeba mzigo kabla haujafika, na ni rahisi kuliko kuubeba ukiwa tayari umeangukia mtu.

Jibu langu

Nirudi kwenye swali. Mtoto mgonjwa ni mzigo wa nani, na mpaka wapi?

Zamani ningetafuta jibu la kiasi: shilingi ngapi, miezi mingapi. Sasa naona swali lilikuwa limekaa vibaya. Huwezi kumbebea mtu mzigo ukiwa mbali. Mzigo si kitu cha kurushiwa. Lazima usogee, uinamishe bega, na mtembee mwendo mmoja. Ukitembea naye utajua wewe mwenyewe wapi anaweza na wapi hawezi, lini ashikiwe na lini aachiwe. Kiasi utakijua njiani. Asiyetembea naye ndiye anayehitaji katiba ya mfuko imwambie.

Na mipaka ipo. Wale sita huchoka, na wakichoka wengine sita wataingia. Hakuna bega la chuma. Ndiyo maana Paulo aliandikia kanisa zima, hakumwandikia shujaa mmoja.

Mwezi uliopita mama alikuja kwenye mkutano wa kamati bila kuitwa. Nilidhani kuna shida. Kumbe alikuwa amesikia kuna dada wa tawi jingine amejifungua kabla ya wakati na mtoto yuko wodini. Akasema, "Mimi najua pale wodini maji ya moto yanapatikana wapi, na muuguzi gani anaeleza vizuri. Nipeni nauli tu, nitakaa naye." Aliweka furushi lake begani akaenda kushika mzigo wa mwenzake.

Sikufungua kikokotoo. Nilimpa nauli.

Tuombe: Baba, tusamehe pale tulipowatwika watu maneno badala ya kuwapokea mizigo. Tufundishe kugonga mlango mwezi wa tatu. Mkumbuke mtoto huyu, miguu yake, usingizi wa mama yake, na mgongo wa baba yake kazini. Mbariki jirani yao aliyetutangulia. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:

1. Kuna nyumba gani mtaani kwenu ambayo haijaonekana Jumapili mbili? Nani ataenda wiki hii?

2. Je, umewahi kuficha tatizo lako kanisani kwa kuogopa maneno? Kama unaweza, sema ni maneno gani.

3. Orodhesheni mahitaji ya mtu mmoja mnayemsaidia. Yapi ni mzigo, na yapi ni furushi lake ambalo mmelishika bila kuulizwa?

4. Ni nyumba ngapi katika ushirika wenu zimelipa SHA mwaka huu? Anzeni na ipi?